UZI: Kutembeza mbwa msituni, na yale ambayo kamba inatufundisha kuhusu maisha

#1 KambaMkononi

Wakuu, salamu. Uzi huu ni wa wanaotembeza mbwa msituni, iwe misitu ya Karura na Ngong Road jijini Nairobi, milima ya Usambara Tanzania, au msitu wowote wenye njia. Swali linalorudi kila mara ni hili: kutembea na mbwa kunamfundisha mtu nini? Majibu huwa mazuri na mepesi (uvumilivu, upendo, utulivu), kisha kesho yake mtu anatoka na mbwa na kuburutwa tangu getini. Naomba hapa kila somo lije na kitu kinachoshikika: urefu wa kamba, saa ya kutoka, mahali kupe anapojificha.

Naanza na kamba. Mbwa husoma mkono wako kabla ya kusikia maneno yako. Mkono ukikaza kwa sababu umemwona mbwa mwingine mbele, wako amepata habari ya hatari kabla hajamwona huyo anayekuja. Utamwambia "tulia, tulia" huku kamba inamwambia kinyume, na ataamini kamba.

Kamba ya kutembelea iwe ya urefu usiobadilika, mita 1.5 hadi 2. Kwa mbwa wa kilo 25 upana wa sentimita 2 unatosha. Nyembamba zaidi inakata kiganja. Kitanzi kipite kwenye kidole gumba, kisha ufunge kiganja juu yake. Usiizungushe kamba mkononi mara mbili tatu, maana mbwa akiruka ghafla vidole havina pa kutokea na vinavunjika. Kati ya mkono na shingo ya mbwa, kamba iwe imelegea na kufanya tumbo kidogo kuelekea chini. Likipotea hilo tumbo, kuna jambo la kurekebisha.

Mbwa anavuta kwa sababu kuvuta kunalipa. Kila hatua unayopiga kamba ikiwa imekaza ni mshahara. Basi kanuni ni moja: kamba ikikaza, miguu inasimama. Usimvute nyuma, usigombe, simama tu. Akigeuza kichwa au akirudi hata nusu hatua kamba ikalegea, endelea. Siku tatu hadi tano za mwanzo mnaweza kutumia robo saa kwenda mita 100, na hilo si kushindwa.

Wengi wanaharibu hapa: Jumatatu hadi Alhamisi wanasimama, Ijumaa wana haraka, wanaburutwa mpaka msituni. Mbwa hajifunzi kwamba Ijumaa ni ya pekee. Anajifunza kwamba akivuta kwa nguvu zaidi na kwa muda mrefu zaidi, mwishowe mtu hukubali. Hapo tabia inakuwa ngumu kuliko ilivyokuwa kabla ya mafunzo. Kama leo huna muda, chukua njia fupi lakini kanuni ibaki ileile. Mwenye watoto nyumbani ataelewa ninachosema bila kuongezewa.

#2 Mgeni_Msituni

Mkuu, nashukuru. Maswali mawili. Zile kamba zinazojikunja zenyewe ndani ya mpini, zenye kitufe, vipi? Na ni bora kamba ifungwe shingoni au kwenye mkanda wa kifua?

#3 Mkufunzi_wa_Mbwa

Ndugu Mgeni, zile za kitufe usizitumie msituni. Zina springi inayovuta muda wote, kwa hiyo mbwa hajui kamba iliyolegea ikoje. Kila akivuta anapata urefu zaidi, yaani inamfundisha kinyume cha alichosema KambaMkononi. Uzi wake mwembamba unaunguza mguu wa mtu ukipita kwa kasi, na mpini ukikutoka mkononi unaruka na kugonga ardhi nyuma ya mbwa, naye anakimbia akiamini anafukuzwa na kitu.

Shingoni au kifuani: kwa kamba fupi na mbwa asiyevuta, ukanda wa shingo unatosha, ukiwa na nafasi ya vidole viwili kati yake na shingo. Mbwa anayevuta, mtoto wa mbwa, na wale wenye pua fupi wavae mkanda wa kifua wenye umbo la Y, ambao kipande cha mbele kinashuka katikati ya kifua na kuacha mabega yatembee. Ule wenye ukanda uliolala mlalo mbele ya mabega unafupisha hatua. Ukimvalisha, mwangalie akitembea: kwapani pasikwaruzwe, na asiweze kutoka akirudi kinyumenyume. Jaribu hilo nyumbani, usisubiri msituni.

Kamba ndefu ya mazoezi, mita 10, ifungwe kwenye mkanda wa kifua tu. Mbwa wa kilo 30 akikimbia mita 10 na kukatishwa ghafla kwa shingo, anaumia koo na uti wa shingo. Vaa glavu. Iache iburuzike nyuma yake, uikanyage pale unapohitaji badala ya kuidaka.

#4 Pua_Kwanza

Niongeze jambo ambalo wengi wanalipita. Kwetu matembezi ni umbali; kwa mbwa ni harufu. Pua yake ina vipokezi vya harufu kwa mamia ya milioni, yetu ina milioni chache. Kwenye shina la mti ambapo wewe unaona kuvu tu, yeye anasoma nani amepita, lini, ameelekea wapi, ni jike au dume, ana hofu au hana. Ukimvuta kila anapoinama, ni kama kumnyang'anya mtu gazeti kila anapofungua ukurasa.

Utaratibu unaofanya kazi: gawa njia vipande. Dakika 10 za mwanzo ni za kunusa, mwendo ni wake, kamba ndefu kidogo. Kisha dakika 10 za kutembea pamoja kwa mwendo wako, kamba fupi. Kisha neno la kumwachia, lilelile kila siku ("haya, nusa"), na zamu yake inarudi. Baada ya majuma machache atajua tofauti, na kuvuta kunapungua kwa sababu anajua zamu yake ipo na haitaibwa.

Ukimwona ameganda mahali, usihesabu kwa dakika. Angalia pumzi. Akinusa kwa pumzi fupi za haraka yuko kazini. Akiacha kunusa, akafunga mdomo, masikio mbele, mwili ukakakamaa, hiyo si harufu tena, ameona au amesikia kitu. Hapo ndipo wewe unatakiwa uwe macho. Anayetazama simu hukosa hiyo sekunde moja, na ndiyo sekunde pekee ambayo bado neno lako lina nguvu.

Kwangu somo lote liko hapo. Kumsikiliza mwingine ni kumpa muda wa kufanya lile ambalo yeye analiona la maana, hata kama wewe hulioni.

#5 Daktari_Mifugo

Wadau, naomba tuzungumze kupe kabla uzi haujaenda mbali.

Kupe haruki. Anakaa kwenye ncha ya nyasi akinyoosha miguu ya mbele, anasubiri mwili upite. Kwa hiyo wengi wanapatikana kandokando ya njia, kwenye nyasi ndefu, hasa baada ya mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba. Kutembea katikati ya njia kunapunguza idadi, hakumalizi.

Ukaguzi ufanyike siku hiyohiyo, kwa vidole, si kwa macho. Pitisha ncha za vidole kinyume na uelekeo wa manyoya: ndani ya masikio na kwenye mkunjo wake wa nyuma, chini ya ukanda wa shingo, kwapani, kinenani, chini ya mkia, kati ya vidole vyote vya miguu minne, pembeni mwa kope. Dakika 5 kwa mbwa mwenye manyoya mafupi, 10 hadi 15 kwa mwenye marefu.

Umempata: kibano chenye ncha nyembamba, mshike karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja kwa nguvu isiyobadilika. Usimbinye tumbo. Usimpake mafuta ya taa, usimchome na sigara. Akiteswa anatapika mate na damu ndani ya jeraha, na ndimo vimelea vilimo. Safisha kwa sabuni, na mtie kupe kwenye chupa yenye spiriti. Usimpasue kwa kucha.

Haraka ya nini? Vimelea vya babesia (vinavyoharibu chembe nyekundu za damu) kwa kawaida vinahitaji kupe aliyeng'ang'ania siku moja au mbili ndipo vipite. Vya ehrlichia (bakteria wa chembe nyeupe za damu) vinaweza kupita ndani ya saa chache. Ndiyo maana ukaguzi peke yake hautoshi, dawa ya kinga inahitajika.

Dalili za kumpeleka mbwa kwa daktari siku hiyohiyo: kukataa chakula, homa, ufizi umepauka au umekuwa wa manjano, mkojo wenye rangi ya kahawa, kutoka damu puani. Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38.3 hadi 39.2, pua kavu au ya moto si kipimo. Babesia inaua kwa siku chache, na inatibika vizuri ikikamatwa mapema. "Tumwangalie hadi Jumatatu" imeua mbwa wengi.

#6 Mgeni_Msituni

Daktari, wengi huku mashambani wanawaosha mbwa kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe. Inafaa?

#7 Daktari_Mifugo

Lebo isipomtaja mbwa, usitumie. Nyingi zina sumu ya kupe iitwayo amitrazi, na hiyo mbwa huvumilia kwa kipimo sahihi tu. Kosa la kawaida ni kukadiria kwa kifuniko cha chupa: mbwa analala usingizi mzito, moyo unapiga polepole, mwili unapoa. Watoto wa mbwa na mbwa wenye kisukari wasiguswe nayo. Nyingine ni za jamii ya sumu za wadudu ziitwazo oganofosfeti, na hizo zinasababisha mate kububujika, kutetemeka na kifo. Zenye permethrini mbwa wanazistahimili lakini paka anakufa, hata kwa kulala ubavuni mwa mbwa aliyetoka kuoshwa.

Kilicho salama zaidi sasa ni vidonge vya kutafuna. Vyenye afoxolana ni vya kila mwezi, vyenye fluralana hukaa wiki 12. Mweleze daktari kama mbwa amewahi kupata kifafa, maana dawa za kundi hilo zinahitaji tahadhari kwake. Bei inauma, najua, lakini jumlisha tiba ya babesia moja kisha linganisha.

Jambo jingine ambalo Nairobi tunaliona na watu hawalijui: usimwache mbwa ale kinyesi cha wanyama msituni wala wadudu wanaokifingirisha. Wadudu hao hubeba lava wa mnyoo anayeitwa spirocerca, anayehamia kwenye ukuta wa mshipa mkuu wa damu na kisha kwenye umio. Vinatokea vivimbe, mbwa anacheua chakula muda mfupi baada ya kula, anakonda, na baadhi ya vivimbe hugeuka saratani. Mjusi akimla mdudu huyo, na mbwa akamla mjusi, njia ni ileile. Kwa hiyo neno "acha" si mapambo ya mafunzo, ni kinga.

#8 Bint_Mvita

Asalaam aleikum. Naomba nami niseme la adabu ya njia, kwa upole tu.

Wapenda mbwa husahau kwamba njia ya msitu ina watu ambao mbwa kwao si rafiki. Huku kwetu watu wengi wamemjua mbwa kama mlinzi wa geti, aliyefundishwa kuuma, au kama mbwa wa mtaani mwenye kichaa. Hofu yao ina sababu. Halafu wapo Waislamu, na kwa madhehebu ya Shafii yanayofuatwa pwani, mate ya mbwa ni najisi nzito: panapoguswa panaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mtu anayetembea saa kumi akitaka kuwahi alasiri, mbwa akamlamba mkono, amepewa kazi ambayo hakuiomba. Kumwambia "hana neno, anacheza tu" si jibu.

Taratibu ni nyepesi. Ukimwona mtu mbele, fupisha kamba mpaka mbwa awe ubavuni, upande usio wa mtu huyo. Mwili wako uwe katikati. Njia ikiwa nyembamba, toka kando mita mbili tatu, mkalishe mbwa, msalimie mtu, mwache apite kwanza. Mtoto akikimbia huku anapiga kelele, geuka mwende upande mwingine, kwa sababu anayekimbia huamsha hamu ya kufukuza. Usimlazimishe mtu amguse mbwa ili "aondoe woga".

Mkiyafanya haya miezi michache, mtaona watu walewale wanaanza kuuliza jina la mbwa.

#9 Mkufunzi_wa_Mbwa

Dada Bint Mvita, ahsante sana, hili ningependa kila mwenye mbwa alisome.

Kwa upande wa mbwa aliye na hasira au woga akiona mbwa wenzake, kanuni ni hiyohiyo ya nafasi. Kila mbwa ana umbali wake. Kwa mmoja ni mita 5, kwa mwingine 40. Nje ya umbali huo anaona na bado anasikia. Ndani yake anabweka na hasikii kitu. Kipimo rahisi ni chakula: mpe kipande cha maini. Akikataa kitu ambacho nyumbani angekipokea kwa pupa, mko karibu mno. Rudini nyuma mpaka apokee. Hapo ndipo mafunzo yanaanza: anamwona mbwa wa mbali, unampa kipande, anamwona tena, unampa tena. Punguza umbali kwa mita moja moja kwa siku kadhaa, si kwa dakika.

Wengi hufanya kinyume, wanamsogeza "azoee". Anayezamishwa kwenye anachokiogopa hazoei, hunyamaza tu, na aliyenyamaza kwa hofu ndiye anayeuma bila kunguruma. Kwa sababu hiyohiyo usimwadhibu mbwa kwa kunguruma. Kunguruma ni onyo. Ukiliondoa onyo, meno yanabaki palepale.

Na kuitwa. Chagua neno moja, "njoo", na lisitumike kwa jambo baya kamwe: si kuogeshwa, si kupewa dawa, si kugombezwa. Anza ndani ya nyumba, kisha uani, kisha msituni kwa kamba ya mita 10. Usipande daraja mpaka aje mara 8 kati ya 10 kwa mwito mmoja. Ukiita mara tano mfululizo, umemfundisha kwamba mwito wa kwanza hadi wa nne si wa kweli. Na msituni mwite mara nyingi bila sababu, umpe kipande, umwachie tena. Mbwa anayeitwa pale tu matembezi yanapokwisha hujua kwamba "njoo" maana yake ni mwisho wa raha, na anakuwa sahihi kutokuja.

#10 Huru_Daima

Nakubali mengi, ila kamba muda wote ni kumnyima mbwa maisha. Msitu ni mkubwa, mbwa aliyefundishwa aachwe akimbie. Kukosea na kurudi ndiko kujifunza.

#11 Mlinzi_wa_Karura

Ndugu Huru, hamu yako naielewa na si mbaya. Lakini tuangalie msitu wenyewe.

Karura ni kama hekta 1,041, ulitangazwa kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1932, na upo mpaka leo kwa sababu watu walisimama mbele ya wanyakuzi. Wangari Maathai na wenzake walipigwa hapo Januari 1999 walipokwenda kupanda mti. Ndani yake kuna funo, paa, pongo, nguruwe mwitu, fungo, kima, na mbega waliorudishwa. Kanuni ya Karura ni mbwa kuwa kwenye kamba. Kwenye hifadhi za taifa, Kenya na Tanzania, mbwa haingii kabisa.

Sababu si ubabe. Swala mdogo anayefukuzwa anaweza kuponyoka bila kidonda na bado akafa saa au siku baadaye, kwa sababu misuli inaharibika kwa mbio na hofu. Mbwa wako atarudi anahema kwa furaha, wewe hutaona maiti. Dume la pongo likibanwa halikimbii tena, linageuka na pembe, na pembe hizo zinafungua kifua cha mbwa. Nguruwe mwitu ni vivyo hivyo. Kima wakiwa na watoto wanashuka na meno.

Kuna na magonjwa. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa (wa virusi, huwapata mbwa na wanyama wengine wala nyama) uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na mbwa wafugwao wa vijiji vya jirani ndio waliotajwa kuwa chanzo. Kwa hiyo chanjo ya mbwa wako si yake peke yake. Mtoto wa mbwa aanze chanjo ya distempa na parvo (virusi vya kuhara damu) wiki ya 6 hadi 8, arudie kila wiki 3 hadi 4 mpaka wiki 16, na asikanyage njia za msitu kabla ya hapo. Virusi vya parvo hukaa kwenye udongo miezi mingi. Kichaa cha mbwa achanjwe akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka. Na yeyote akiumwa na mbwa asiyejulikana, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, ndipo aende hospitali siku hiyohiyo kuanza sindano. Dalili zikishajitokeza, karibu hakuna anayepona.

Mbwa akitaka kukimbia, tafuta uwanja wenye uzio. Msituni sisi ni wageni.

#12 Mswahili_Hannover

Salamu kutoka Ujerumani. Niongeze la huku, kwa kuwa watu hudhani Ulaya mbwa ni huru kila mahali. Jimbo hili la Niedersachsen, kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 15 Julai mbwa lazima awe kwenye kamba msituni na porini, kwa sababu ndege wanaatamia na kulungu wanazaa. Mtoto wa kulungu huyo mdogo wa huku hakimbii, hulala kimya kwenye majani marefu akitegemea kutoonekana, na mbwa humpata kwa pua. Faini zipo. Miezi mingine inategemea mahali.

Kamba ya mita 10 ndiyo jibu la watu wengi: mbwa ana nafasi, msitu una amani.

#13 Huru_Daima

Mlinzi, nimekuelewa. La swala kufa baada ya mbio sikulijua. Kamba ndefu basi.

#14 Msambaa_Porini

Wakuu, nami niseme ya ardhini.

Siafu. Baada ya mvua wanavuka njia kwa msafara. Ukiona mbwa anaanza kuinua miguu na kujing'ata, usisimame kumchunguza papo hapo, kimbieni mita 20 hadi 30 mtoke kwenye msafara, ndipo umng'oe mmoja mmoja kwa vidole. Maji hayawaondoi, taya zinabaki zimeuma. Angalia kwapani, kinenani na ndani ya masikio.

Kishonanguo na mbegu za nyasi zenye miiba: hizi zinaingia kati ya vidole na kwenye sikio, zinasonga mbele tu, hazirudi nyuma. Mbwa anayetikisa kichwa ghafla na kukiinamisha upande mmoja baada ya matembezi apelekwe kwa daktari. Usiingize pamba sikioni, utaisukuma ndani.

Funza anaingia hata kwenye nyayo za mbwa. Doa jeusi lenye duara jeupe kati ya vidole, ndiye.

Nyoka: kifutu hakimbii anaposikia hatua, analala palepale njiani, na mbwa huenda kumnusa. Akigongwa, uso au mguu unavimba haraka. Mbebe, asitembee. Usifunge kamba juu ya jeraha, usichanje, usinyonye, usiweke barafu. Mtoe ukanda wa shingo kabla uvimbe haujafika, mpeleke kwa daktari, umpigie simu mkiwa njiani. Nyoka atemaye mate akimpata machoni, mwagia maji safi dakika 15 hadi 20 bila kusugua, kisha daktari siku hiyohiyo. Kwa hiyo chupa ya lita moja ni ya zaidi ya kiu. Ila kumbuka tangu tarehe 5 Juni 2020 chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kwenye misitu na hifadhi za Kenya, beba ya chuma.

#15 Mgeni_Msituni

Na kinyesi? Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017. Watu wanaacha tu, wanasema ni msitu, kitaoza.

#16 Daktari_Mifugo

Kitaoza, lakini mayai ya minyoo yaliyomo hayaozi nacho. Mayai ya minyoo mviringo ya mbwa yanaweza kuishi udongoni miaka, na mtoto akiyala kwa mikono michafu lava huweza kwenda mpaka kwenye ini au jicho. Lava wa safura wa mbwa hupenya ngozi ya mguu mtupu. Tumia bahasha za kaki au gazeti lililokunjwa mara tatu, weka kwenye kopo lenye kifuniko, toka nacho. Kopo la maziwa ya unga lenye kamba ya kuning'iniza linafaa kabisa. Dawa ya minyoo kwa mbwa mzima kila miezi mitatu.

#17 Pua_Kwanza

Mbwa akipotea msituni, kwa kuwa hakuna aliyeligusa.

Usimkimbilie. Ukimfukuza anaona mchezo, au anaona hatari. Mwite mara moja kwa sauti ya kawaida, kisha kimbia upande mwingine. Wengi hugeuka kukufuata. Akishatoweka, simama pale alipokuacha. Mbwa wengi hurudi kwa kufuata harufu yao wenyewe, na pale ndipo inapoanzia. Subiri angalau nusu saa, ukiita kila dakika moja kwa utulivu. Mwenzako aende getini awaarifu askari. Giza likiingia, acha hapo fulana uliyoivaa siku hiyo na bakuli la maji, urudi alfajiri kabla watu hawajajaa njiani. Namba ya simu iandikwe kwenye ukanda wa shingo wenyewe kwa kalamu isiyofutika au kwa uzi, kwa sababu kibati kinachoning'inia hung'olewa na matawi.

Akirudi, hata baada ya saa tatu za roho juu, msifu. Ukimpiga, umempiga kwa kurudi.

#18 KambaMkononi

Nashukuru wote. Nimalizie na joto na mbwa mzee, kisha wengine waendelee.

Tokeni kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Weka mgongo wa kiganja chako kwenye lami ya maegesho kwa sekunde 7. Kama huwezi kuuacha, nyayo zake haziwezi pia. Maji: mbwa anahitaji karibu mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo kwa siku nzima, basi wa kilo 20 anahitaji lita moja hivi, na zaidi akitembea. Mpe kidogo kidogo kila robo saa. Ulimi ukipanuka na kujikunja ncha, mate yakawa mazito, ufizi ukawa mwekundu sana, mwendo ukayumba, matembezi yamekwisha hapo hapo. Kivulini, mwagia maji ya kawaida mwili mzima, mpepee, nenda kwa daktari. Usimfunike kwa taulo lenye maji ukaliacha, linazuia joto kutoka. Wenye pua fupi wanafika hatua hiyo mapema kuliko wengine, hata siku yenye mawingu.

Mbwa mzee hasemi kwamba amechoka. Anabaki nyuma nusu hatua, kisha hatua nzima, kisha anaanza kunusa kila kitu kwa muda mrefu ili apumzike bila kuonekana. Kamba inayokaza nyuma yako badala ya mbele ndiyo habari yenyewe. Punguza urefu wa matembezi, ongeza idadi yake: badala ya saa moja kwa mkupuo, dakika 20 asubuhi, 20 jioni, kwenye njia ya udongo laini isiyo na mteremko mkali, kwa sababu kushuka kunaumiza mabega na viwiko kuliko kupanda kunavyochosha. Pima kwa kesho yake: akiamka akiwa mkakamavu na kuchechemea kwa zaidi ya dakika chache, matembezi ya jana yalizidi, punguza robo. Kucha zake zisiguse sakafu akiwa amesimama. Zikigusa, kila hatua inasukuma kidole nyuma, na watu wanadhani ni uzee.

Na mwendo uwe wake. Msitu ni uleule, na mti aliokuwa akiupita mbio miaka minane iliyopita sasa una dakika nne za kunuswa. Simama naye.